Hapana ya Arlys

Kama hujawahi kula soseji ya kulungu ya Arlys Brekke, pole sana, maana siku hizi huipati. Ipo, lakini anayetengeneza ni mumewe, Orrin, na Orrin akishika pilipili manga utadhani anaogopa itamng'ata. Mwenye mkono wa kuitengeneza yuko bungeni.

Bucha Arlys aliachiwa na baba yake, pale Vangen, mji mdogo wa Minesota, Marekani, ambao ukipiga chafya ukiwa kwenye gari umeshaupita. Msimu wa kuwinda ukifunguliwa, mji mzima ulipanga foleni na kulungu wao, na Arlys yuko kaunta, aproni imelowa damu, anamchokoza kila mtu.

"Huyu ulimpiga risasi au alikufa kwa kukuona wewe?"

Yaani watu walicheka mpaka wakasahau baridi. Pale ndipo alipokuwa malkia.

Sasa mbunge aliyekuwapo alipostaafu, mwenyekiti wa chama, Curt Nygaard, akaja bucha. "Arlys, gombea wewe. Nani asiyekujua?"

Akakataa. Akakataa tena. Na Vangen ndivyo watu walivyo: ukikaribishwa kahawa unasema hapana, ukikaribishwa tena unasema jamani usijisumbue, ya tatu ndiyo unapokea, tena nusu kikombe. Ukipokea ya kwanza, umejulikana mlafi mpaka kaburini. Basi Curt alipouliza mara ya tatu, Arlys akasema, "Haya, lakini kipindi kimoja tu." Na tusidanganyane, alitaka kidogo.

Kipindi kimoja kikazaa kingine, na kingine. Kule bunge la jimbo, kura ngumu ikija milango inafungwa, mlinzi anasimama, hakuna kutoka mpaka mmalize. Arlys anakaa mle, mgongo unauma, anawaza tu nani anakausha soseji kwa moshi. Akirudi wikendi anavaa aproni apumue. Wapi!

"Nipe nyama ya kusaga, Mheshimiwa. Na lile daraja vipi? Na kodi ya shamba langu?"

Wanamshika mkono wa shati kabisa. Nyama imekuwa kisingizio tu. Usiku analala anatazama dari, Orrin anakoroma, anajiona kama samaki ndani ya friza yake mwenyewe.

Kwa hiyo majira ya kuchipua akaamua. Jumapili, kwenye kahawa baada ya ibada, akamvuta pembeni rafiki yake Mavis.

"Mavis, mimi sigombei tena."

"Sawa, mpenzi," Mavis akasema, anamkatia keki. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Curt. "Ameshakataa ya kwanza."

Kesho yake Curt akapiga simu. Arlys akasema hapana, tena kwa sauti.

"Vizuri," Curt akajibu, amefurahi kweli. "Hiyo ya pili. Tuonane Jumapili."

Jumapili ikafika. Curt akasimama mbele ya watu wote, akauliza. Arlys akasema, "Hapana."

Weee! Vijiko vikasimama hewani. Hapana ya tatu! Hakuna aliyewahi kuisikia. Mchungaji mwenyewe akaangalia viatu vyake. Maana Vangen, mtu wa namna hiyo ana maelezo mawili tu: anaumwa, au tumemuudhi.

Basi chakula kikaanza kuja. Mabakuli ya kuokea, viazi juu, nyama ya kusaga chini, yanawekwa mlangoni, watu wanabonyeza kengele na kukimbia. Friji ikajaa, meza ikajaa, mengine juu ya mashine ya kufulia. Orrin akala kimya siku zote hizo, hana kinyongo hata kidogo.

Na kila bakuli lina jina la mwenyewe limebandikwa chini, kwa hiyo lazima lirudishwe. Arlys akayaosha, akayapakia kwenye gari, akaanza kugonga nyumba kwa nyumba. Anashukuru, anaulizwa hali, anauliza watoto. Hakuelewa alichokuwa akikifanya mpaka Curt alipompigia.

"Nasikia umeanza kampeni! Nyumba kwa nyumba! Nilijua tu, mama."

Arlys akakata simu, akaegemeza kichwa kwenye usukani.

Siku ya mwisho ya wagombea kujiandikisha ofisi ya kaunti, likabaki bakuli la Mavis. Orrin akaendesha, akasubiri garini. Arlys akagonga, akampa bakuli lake.

"Mavis, niangalie usoni. Sijaudhika. Siumwi. Sitaki. Nimechoka."

Mavis akamwangalia, na safari hii akasikia. "Sasa nani, Arlys? Hakuna mwingine aliyejitokeza."

"Wewe."

"Mimi? Hapana. Arlys, hapana, tafadhali."

Amelikumbatia lile bakuli tupu kifuani, amerudi nyuma mpaka amegonga ukuta. Arlys alimjua tangu shule. Akimuuliza tena atakataa, na ya tatu atakubali, kwa sababu hajui kufanya vingine. Januari atakuwa kwenye kile kiti, milango imefungwa. Arlys akafungua mdomo. Akaufunga.

"Nilikuwa nakutania," akasema. "Viazi vilikuwa vitamu sana."

Akarudi garini.

"Nyumbani?" Orrin akauliza.

"Ofisi ya kaunti. Kimbiza, kabla hawajafunga."