Maua Juu ya Paa la Austin

Jua la Chake Chake ndio kwanza linapanda. Katika uwanja wa gereji ya Tibirinzi, gari la Bwana Marhoun limefungwa majani ya mgomba kuanzia boneti hadi bampa ya nyuma, kama mgonjwa aliyekandwa akalazwa.

Shaame Duni anakata kamba ya kwanza ya ukindu. Anafunua jani moja, anatazama, analirudisha. Anafunua la pili. Kisha anachuchumaa kando ya tairi na kuukwaruza mlango kwa ukucha. Ukucha unateleza. Alichokipaka jana jioni kikiwa laini kama samli, leo kimekuwa gamba jeupe, gumu kama kaure.

"Imeshika," anasema, kwa sauti ya mtu anayetaka mwenziwe akubali kuwa hiyo ni habari njema.

Khatib, muosha magari mwenziwe, amekaa juu ya pipa tupu akitafuna muhogo wa kuchoma.

"Imeshika kweli," anasema. "Ila bwana harusi atadhani kaburi lililopakwa chokaa limekuja kumchukua."

Kwa Shaame hilo si la kuchekwa. Leo alasiri Austin hiyo, nyeusi kwa asili yake, itamtoa bwana harusi Nassor msikitini na kumpeleka nyumbani kwa Bwana Marhoun, anayemuoza binti yake Umkulthum. Na Bwana Marhoun, mwenye mashamba ya mikarafuu upande wa Wete, ametoa neno lake mbele ya watu: gari liking'aa, Shaame ataosha malori yake matatu msimu mzima wa karafuu. Likitoka na aibu, malori ni ya Khatib.

Shaame ni mzaliwa wa Chokocho. Alikuja mjini kufuata kazi ya kupakia magunia, mgongo ukamkataa, akashika dodoki. Gari dogo humpa shilingi mbili, na magari ya Pemba si mengi. Kuna wiki huosha manne. Kuna wiki huosha lile lile la daktari mara mbili, kwa sababu daktari anamwonea huruma.

"Lori halina huruma," anasema. "Lori linarudi na tope kila siku ya Mungu. Mie ndicho nikitakacho."

Kazi anaijua. Mwili wa gari anausugua kwa dodoki na sabuni ya mche, magurudumu kwa kumbi la nazi, bampa kwa ndimu na jivu mpaka ujione meno. Akishamaliza hufunga vioo vyote, huweka chetezo cha udi sakafuni, na kumwacha mwenye gari aingie kama anayeingia chumba cha harusi.

Balaa lilianza pale duka moja la mjini lilipoleta vitu vipya vya magari kutoka Mombasa: kopo la nta na chupa ya dawa ya viti vya ngozi. Juu ya kopo pana picha ya mzungu akijitazama kwenye boneti na kucheka. Maandishi yote ni ya kizungu. Shaame, aliyesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani na si kwingine, aliitazama ile picha akaona imetosha.

Angeweza kuuliza. Lakini Khatib alikuwa amesimama dukani papo hapo.

"Na hiyo hupakwa vipi?" Khatib alimuuliza.

"Hupakwa kama ipakwavyo," Shaame alijibu, akatoka na kopo kwapani na ile chupa mkononi.

Njiani alifikiri. Kitu kikipakwa ili kipendeze na kidumu, kinapakwaje? Jibu alikuwa nalo nyumbani kwao tangu utotoni. Dada zake wote wameolewa na hina miguuni. Hina haipakwi ikatolewa papo hapo. Ukiitoa upesi inatoka rangi ya chai ya maziwa. Hina hupakwa nene, ikafungwa majani, ikalala. Basi jana jioni aliipaka Austin nene, akaifunga majani, akailaza.

"Mtu mzima umelitia gari hina," anasema Khatib. "Mbona hukulipigia na ngoma?"

Shaame anapeleka ujumbe nyumbani, kwa mkewe.

Bi Mwatum anafika akiwa amejitanda buibui, na uso wa mtu aliyeitwa katikati ya shughuli. Yeye ndiye mtengeneza singo wa mtaa, ule unga wa karafuu, liwa na mawaridi anaosingwa nao bibi harusi hadi ngozi ing'ae. Wiki nzima hii amekuwa nyumbani kwa Bwana Marhoun akimsinga Umkulthum. Anapitisha kidole juu ya boneti. Anakinusa. Anamtazama mumewe.

"Umeiacha usiku kucha?"

"Ili ishike."

"Hii si hina, bwana. Hii imekaa kisingo. Unapaka, ikianza kukauka unaisugua itoke yote. Kinachobaki ni ule mng'aro. Wewe umeacha uchafu ukatupa harusi."

"Umejuaje, na kopo hujaliona?"

"Nimeona ulichokifanya. Inatosha."

Dawa ni mafuta ya nazi ya moto na makapi ya singo yaliyobaki kinuni, anasema Bi Mwatum, na kukunja mikono ya buibui lake. Yeye anasugua boneti, Shaame anasugua milango. Khatib anajitolea kupasha mafuta. Si kwa wema. Anataka kuwa karibu mwisho utakapofika.

Gamba linalainika, linavurugika, linatoka kidogo kidogo. Chini yake, weusi. Na weusi wenyewe si ule wa zamani. Inapoadhiniwa adhuhuri, Khatib anainama mbele ya mlango wa dereva kuutazama kwa karibu na kukuta uso wake mwenyewe, na kipande cha muhogo kwenye masharubu. Anakitoa.

Wanaswali, wanarudi, wanasugua. Alasiri inakaribia, gari zima linawaka. Limebaki paa, lililopakwa mafuta ya moto dakika hiyo na sasa linanata kama halua.

"Paa tuliache," anasema Shaame, akihema. "Nani anatazama paa?"

Bi Mwatum anaweka kitambaa chini. "Bi Thuraiya anakaa wapi?"

Shaame anainua macho hadi madirisha ya nyumba ya harusi, ng'ambo ya barabara. Bi Thuraiya ni mama yake Bwana Marhoun, na neno lake nyumbani mle halina wa kulipinga. Anakaa ghorofani. Wanawake wote wa harusi wako ghorofani, madirishani, na bwana harusi anatazamwa kutoka juu. Watu wa kuogopwa leo hawataona mlango wala bampa. Wataona paa.

Dereva amekwisha kukaa kwenye usukani. Bi Mwatum anavuka barabara hadi nyumba ya harusi, anaingia kwa mlango wa nyuma, na kurudi na kapu la asumini, mawaridi na kilua yaliyokuwa yakingoja kutandazwa kitandani kwa maharusi. Anampa mumewe. Shaame anapanda juu ya pipa la Khatib na kulimwaga kapu zima juu ya paa.

Maua yananasa, kila moja palepale lilipoangukia.

Safari yenyewe ilikuwa fupi, lakini haikukosa vituko. Ile dawa ya viti nayo ilikuwa imepakwa nene. Kila mara dereva alipokanyaga breki, bwana harusi Nassor aliteleza na joho lake hadi magotini kwa mshenga, akaomba radhi, akarudi nyuma, akateleza tena. Alishuka kilemba kikiwa kimekwenda upande, kimeangalia Mkoani.

Hakuna aliyekitazama kilemba. Madirishani vigelegele vilikuwa vimeanza tangu gari likiwa mbali, maana upepo wa safari haukung'oa hata jani la waridi. Bi Thuraiya aliinama mpaka ukaya wake wa kichwani ukataka kumponyoka.

"Marhoun," aliita, "nani kafikiri jambo hili?"

Bwana Marhoun alitazama juu kwa mama yake, akalitazama paa, akatazama watu waliojaa barabarani.

"Mimi," alisema.

Neno hilo ndilo lililomwokoa Shaame. Maana asubuhi yake maua yalikuwa bado papo, yamekauka, yamegeuka rangi ya majani ya chai, na Bwana Marhoun alilazimika kwenda mnadani kuuza karafuu zake akiwa chini ya kile kilichofanana na kiota. Mtu aliyesema "mimi" mbele ya mji hawezi kumlaumu mwengine.

Alichoweza ni kumwita Shaame faraghani.

"Malori ni yako," alimwambia. "Sabuni na maji. Nikiona kopo lile karibu na lori langu, utaosha punda."

Sasa ni siku ya nne, na Shaame yumo uwanjani Tibirinzi, mikono imejaa povu, lori la kwanza limesimama mbele yake na tope hadi kwenye taa. Wapita njia hawaachi kumtania. "Shaame, hilo unalipanda mchicha?" mmoja anauliza. Naye anacheka nao, kwa kuwa mtu mwenye malori matatu anaweza kucheka.

Lakini kopo hakulitupa. Lina nusu nzima, na mama mmoja wa Wete mwenye harusi mwezi ujao ameshatuma salamu: anataka paa la maua. Bi Mwatum ameshampa masharti mumewe. Nta ipakwe nyembamba, isuguliwe papo hapo, na maua yafungwe kwa uzi kama watu wenye akili.

"Nitaijaribu kwanza," anasema Shaame, akikamua dodoki. "Safari hii sianzi na gari la mtu mkubwa. Naanza na baiskeli."

Shaame hana baiskeli. Uwanjani ipo moja tu, imeegemezwa kwenye pipa, na Khatib, mwenye baiskeli hiyo, ameshuka sokoni kununua muhogo.