Kanga ya Mama Mkwe

Juzi nimejiaibisha hapa Mahurunga, wenzangu. Wapima ardhi walikuwa shambani kwetu, wakitafuta barabara mpya ya kwenda bandarini Mtwara ipite wapi isije ikasombwa na mvua. Nikatamani kujua ile darubini yao ya miguu mitatu inaona nini hasa. Mpima alipokwenda kunywa maji, nikachungulia. Masalale! Mama mkwe wangu alikuwa anatoka kisimani kichwa chini, miguu juu!

"Mama, shika kanga!" nikapiga ukelele.

Akashtuka, mtungi ukamponyoka ukavunjika, na watu wote shambani wakageuka kumtazama.

Mpima akarudi akicheka. "Dada, kioo ndicho kinachopindua. Mama yuko wima."

Mama mkwe akanikazia macho. "Kwa hiyo, mwanangu, ulikuwa unanitazama nini?"