Mama Mapendo alirudi na jina jingine, makala ikawa imeshatoka

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nakaribia miaka tisini. Mjukuu wangu Neema ndiye anayebonyeza simu, mimi nasema tu. Sitatia chumvi; kwa umri huu nimdanganye nani?

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa muuguzi kwenye hospitali ndogo huku Masisi, mashariki mwa Kongo.

Dokta wetu, Mzungu, alikuwa mtafiti wa kansa. Yeye anapasua uvimbe, mimi nashona kidonda na kuandika rejista. Mgonjwa asiporudi ndani ya miaka miwili, anahesabiwa amepona.

Akaandika makala, ikachapishwa Ulaya. Wee! Barua za sifa zikamiminika. Madaktari wa mbali wakaanza kufuata njia yake: pasua, ruhusu, basi.

Mama Mapendo wa Ntoto, kule Walikale, alipasuliwa titi akaenda zake. Kwenye makala yumo kati ya waliopona.

Siku moja akaja mama amekonda sana. Jina, Sifa. Alipofungua kitenge nikaona kovu. Kidonda kile nilikishona mimi!

Nikamvuta mume wake pembeni, nikamuuliza kama huyu si Mama Mapendo.

“Njo yeye, kaka. Kwetu mutu akigonjwa sana, wazee wanamubadilisha jina, ugonjwa ukimutafuta usimupate. Tafazali, ile ya zamani usiiandike.”

Mimi Mkristo, wakuu, lakini nikaandika Sifa. Nilimhurumia.

Mama yule akafariki. Hapo hofu ikaanza kunitafuna. Je, ni wangapi wa Walikale wamerudi kwa jina la pili?

Nikisema, Dokta ataaibika na mimi nitafukuzwa. Nikinyamaza, akina mama wataendelea kurudishwa nyumbani na kansa yao. 

Baada ya wiki nzima nikamweleza Dokta yote. Dokta alifunga rejista taratibu.

“Juu ya nini ulinyamaza?”

“Niliogopa, Dokta.”

“Hata mimi naogopa.”

Tukaenda Ntoto, tukafika hadi kijiji cha Mpofi. Hatukuuliza majina tena, tuliuliza makovu. Nyumba nyingi walituonyesha kaburi.

Dokta aliandika makala ya pili, akikiri kosa la ile ya kwanza. Haikuleta barua hata moja. Hakulalamika, ila alizeeka ghafla.

Sasa Neema anasoma udaktari Goma. Juzi alitafuta kwenye intaneti. Ile ya kwanza watafiti bado wanaitaja! Ya pili, hajapata hata mmoja aliyeitaja. Hofu yangu ya zamani ikarudi yote.

“Babu, tulia. Mimi nitaitaja mu memware yangu.”

Memware ni ile tasnifu ya kumaliza chuo. Akaniuliza kwenye ukurasa wake wa shukrani amwite yule mama jina gani. Nikamwambia aandike yote mawili.

Nilichojifunza: mgonjwa kutorudi si dalili ya kupona, na sifa hutembea haraka kuliko masahihisho. Mlio hospitalini, niambieni bila kunionea haya: mgonjwa wenu asiporudi, nani anatoka kwenda kumtafuta?