Kikombe cha Maji kule Mavivi

Gamaliel alikuwa fundi wa redio mjini Butembo, mtu wa maneno machache. Mwaka 2001, mradi wa kilimo wa kanisa ulipoletewa mashine mbili za kupima hali ya hewa, yeye ndiye aliyeitwa kuzisimamisha. Moja ingekaa Mavivi, kwenye joto, nyingine Musienene, juu mulimani, nazo zingesemezana kwa redio, ili wakulima wa maharagi na viazi wajue mvua ilivyo kabla ya kupanda.

Kule Mavivi alikwenda na mke wake Katungu na binti yao Bénite, wa miaka miwili, maana kiwanja cha kanisa kilipakana na nyumba ya Léa, mama mukwe wake. Walisimamisha mulingoti wa chuma, wakafunga kipimio cha joto, cha jua, na cha mvua. Hicho cha mwisho kilikuwa kama ndoo ndogo yenye kijiko ndani. Kijiko kikijaa maji kinapinduka, na mashine inahesabu. Ili kukijaribu, Katungu alimimina kikombe kizima polepole. Kijiko kilipinduka mara ishirini na sita.

Kazi ilipoisha Léa alishikwa na homa kali. Katungu akabaki amuuguze, pamoja na mtoto.

"Juma mbili tu, Papa Bénite," alisema. "Utatuona Butembo."

Juma mbili hazijatimia, vita vikakata barabara ya Beni. Wenye silaha wakakusanya fonia zote, zile redio za kuzungumzia, hata ile ya parokia, na barua zikakosa mtu wa kuzibeba. Wakati huo Gamaliel alikuwa Musienene akifunga mashine ya pili. Alipogeuza antena kuelekea kaskazini na kuwasha ordinateri, yaani kompyuta, mstari wa kwanza ukatokea: Mavivi, joto ishirini na tisa, mvua hakuna. Aliusoma mara nyingi. Hapo nje watu walikuwa wamevaa makoti.

Tangu siku ile hakutaka kushuka Butembo. Tarakimu za Musienene aliwasomea wakulima siku ya soko. Za Mavivi alijisomea mwenyewe. Mvua ikinyesha kule saa tisa, alimuona Katungu akikimbia kuanua mihogo. Joto likipanda, alijua watakuwa wamehamia nyuma ya nyumba, kwenye kivuli. Watu walianza kusema kwamba fundi anauliza habari za mvua ya Mavivi kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa wake.

Mwezi wa tatu wa kungoja, siku ya Mungu, yaani Jumapili, saa sita kamili, jua la Mavivi likiwa kali kabisa, kipimio cha mvua kilihesabu mara ishirini na sita, kisha kimya. Gamaliel alidhani ni uharibifu, akakagua nyaya zote. Siku ya Mungu iliyofuata, saa ileile, ishirini na sita tena. Akaenda mbio kwa pasta Esdras, aliyeongoza mradi.

"Pasta, mvua haiwezi nyesha mu jua ya vile. Kuko mutu anamwanga maji. Ni bibi yangu Katungu."

Esdras alitazama karatasi, akamshika bega.

Mashine ya Mavivi ilituma tu, haikupokea; Gamaliel hakuwa na njia ya kujibu. Alichoweza ni kuoga mapema kila siku ya Mungu, kunyoa ndevu, kuvaa shati safi na kuketi mbele ya ordinateri. Alifanya hivyo majuma kumi na tisa.

Barabara ilipofunguka, alikuwa kati ya watu wa kwanza kupita. Huko Mavivi alimkuta Léa peke yake, akitwanga sombe, majani ya mihogo.

"Katungu hayuko, mutoto yangu," mama alisema. Bénite alipatwa na surua mwezi wa kwanza wa vita, dawa hazikuwapo, na Katungu alimbeba mgongoni pamoja na watu waliokimbilia Kasindi, wakavuka mpaka. "Aliniacha na neno: Mama, ukipona, kila siku ya Mungu ibada ikiisha, mwanga kikombe moja ya maji mule mu kipimio. Baba ya mutoto asikufe roho. Miye sikujua kama inafikaka."

Gamaliel alimpokea mchi.

"Ilifika, Mama," alisema. "Yote ilifika."

Hakumwambia alidhani ni mkono wa nani. Alikula, akashukuru, na asubuhi akashika njia ya Kasindi. Aliuliza kanisa kwa kanisa ng'ambo ya mpaka, siku tisa, mpaka akamkuta Katungu akilima shamba la watu. Alikuwa amekonda. Bénite alikuwa amepona, tena amerefuka, akajificha nyuma ya mama yake.

Walirudi Butembo mwezi wa nane tangu kuachana. Kwa muda mrefu mtoto alimwita Gamaliel tonton, yaani mjomba, kama alivyowaita wanaume wengine wote, naye aliitika.