Hita Wazi Juani

Kaka yangu alipokuwa akiandaa gari lake la mashindano, kazi yangu ilikuwa kuangalia sindano ya joto na kuisoma kwa sauti. Alisema dereva akiangalia sindano haoni barabara. Basi nilikaa kando yake, kofia ngumu imenibana masikio, nikisoma. "Nusu. Nusu na kidogo. Inapanda."

"Asante, mtangazaji," alikuwa akijibu. "Na hali ya hewa?"

Hali ya hewa ilikuwa hita. Tuliifungua hadi mwisho, maana hita hulitoa joto kwenye injini na kulimwaga ndani ya gari. Nje jua la Isiolo, magotini pumzi ya injini, nasi tukicheka kama wendawazimu. Siku hizi watu hunipa lifti kwenye magari yenye ubaridi mzuri, na mimi huutamani ule moto.

Aabo, baba yetu, ni mtu wa malori kama baba yake. Siku gari lile lilipovutwa kwa kamba nyuma ya lori lake, likifuka mvuke mbele ya soko zima, alimwambia kaka bila kupandisha sauti: "Ikichemka tena, inauzwa. Na wewe unapanda lori ya Moyale."

Watu wa lori la Moyale hulala njiani zaidi kuliko nyumbani. Mimi nilitaka kaka abaki. Hilo ndilo nililokuwa nikiliombea kila nilipoisoma sindano.

Kaka alipofungua rejeta, kile kipoza maji ya injini, alikuta vijia vya maji vimezibwa na ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika kuukuu. Tulijua ulikotoka. Tulikuwa tukifanya mazoezi kwenye njia za vumbi upande wa Ngaremara, na kwenye kisima cha huko wanawake wakiona mvuke tu walileta mitungi kabla hatujaomba.

"Hii punda yako inakunywa kushinda ngamia!" mmoja alimtania kaka.

"Imezoea mkono wako, mama."

Maji yale yalikuwa na chumvi, na kaka aliijua ladha yake. Lakini amwambieje mtu aliyemtekea kwamba maji wanayokunywa watoto wake hayafai gari? Alikuwa akishukuru na kumimina.

Alizibua rejeta kwa siki na maji moto, akaijaza maji ya chemchemi kutoka Kinna. Kisimani hakuacha kusimama. Alipokea mtungi kama kawaida, ila sasa akayamwaga maji polepole juu ya rejeta, kwa nje.

"Leo unaiosha uso?" yule mama akauliza.

"Tunaenda ugenini."

Mashindano yalifanyika kwenye uwanda wa upande wa Leparua. Katika mzunguko wa mwisho nilisema, "Inagusa nyekundu." Kaka aliinua mguu kwenye mafuta. Magari yakatupita moja baada ya jingine, vumbi lao likatuingia mdomoni, naye akaliachia gari literemke lenyewe kila palipokuwa na mteremko. Sindano ikarudi nyuma kidogo. Tulifika karibu wa mwisho, tukipita wengine waliosimama kando boneti zikiwa wazi.

Aabo aliweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. "Imepata moto," alisema. "Lakini haijachemka."

Nilimshukuru Mungu. Nilidhani tumeshinda.

Mmoja wa wale waliokwama alitufuata kwa miguu. Alikuwa mgeni kutoka Nakuru, mwenye magari mazuri kuliko letu. Alitaka kujua gari kuukuu kama lile limefikaje. Kaka alimweleza yote, hita, siki, maji ya Kinna, kwa furaha ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa. Kabla jua halijatua alikuwa amepewa kazi ya kutunza injini huko. Nilimtazama Aabo, nikitumaini atataja lori, maana mtu wa lori hata hivyo hurudi.

"Nenda," akasema.

Kaka hupiga simu. Anasema Nakuru kuna baridi, na injini hazimsumbui sana. Gari lake liko uani kwetu, chini ya turubai. Juzi alikuja mnunuzi, akalizunguka, akalisifu. Mimi nilikuwa mlangoni nikisubiri Aabo ataje bei.

"Usijisumbue, ndugu yangu," Aabo alimwambia, akilirudishia turubai. "Hiyo inachemka sana."