Kabla Hujaninunulia Jiko

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia mtu ataja jiko la gesi. Nilikuwa kijana wakati huo, miguu myepesi, na ulimi mwepesi kuliko miguu. Lakini ngoja kwanza. Kaa vizuri, kula mahamri hayo yangali moto, na simu yako iweke mbali, isishindane na sauti yangu.

Jana uliniuliza, "Shangazi, wataka jiko gani?" Nami nikakujibu, "Lolote tu, mwanangu." Ukafurahi. Ukatoa utepe wako wa kupimia, ukapanda juu jikoni kwangu, ukapima ukuta, ukapima dirisha, hata kigoda changu ukakipima. Nilikuona. Sikusema kitu, lakini tangu hapo moyo wangu haujatulia, ndipo nikakuita asubuhi hii. Nataka nikueleze habari za jiko la bibi yako. Najua babako alikuwa akikusimulia. Mungu amrehemu kaka yangu, kisa hicho kila akikisimulia alikuwa akikiruka katikati, pale penye aibu yetu.

Bibi yako, yaani mama yetu, alizaliwa Faza, akaletwa hapa Amu kwa ndoa. Jikoni kwake kulikuwa juu kabisa ya nyumba, kama ilivyo desturi ya nyumba zetu za mawe, ili moshi ujiendee zake. Huko juu hakuna aliyemwamuru. Aliketi kwenye kigoda, majiko ya makaa mbele yake, na kila kitu kiko karibu na mkono: nazi kushoto, chumvi kulia, mwiko magotini. Alipika chakula cha watu ishirini na haonekani kuinuka. Wali wa nazi ukishakauka, aliupalia makaa juu ya kifuniko, mpaka ukoko ushike rangi, na harufu ishuke ngazi yote ifike mlangoni.

Kila Ijumaa watu wakitoka msikitini, sote tulipanda kwake: wana, wakwe, wajukuu. Waliogombana Jumatatu walikula sinia moja Ijumaa, wapende wasipende. Mama hakuwa na maneno mengi ya kusuluhisha watu. Alikuwa na sinia.

Tatizo lilikuwa moshi. Macho yake yalikuwa mekundu daima, akiyafuta kwa ncha ya leso. Kaka Bakari, babako, wakati huo alifanya kazi Mombasa. Akaja likizo, akamwona mama yuko katikati ya moshi anakohoa, akaapa: "Wallahi, mama hatopika tena na makaa."

Na hakuwa mtu wa kuapa bure. Alijinyima mpaka akalinunua jiko la gesi, la kusimama, juu sufuria nne kwa mpigo, chini oveni yenye mlango wa kioo, jeupe pepepe. Likaja na basi hadi Mokowe, likavushwa kwa boti, likabebwa na wachukuzi wanne vichochoroni, maana punda alilikataa. Kwenye ngazi yetu likakwama. Wakalilaza, wakalisimamisha, wakaligeuza kichwa chini, mmoja akiapa kuwa nyumba ilijengwa kwa ajili ya paka. Lilipofika juu, mtaa mzima ulikuja kulitazama.

"Ahsante mwanangu, Mungu akuweke," mama alimwambia kaka, akalipangusa kwa leso mpya. Sisi tukaona kazi imekwisha.

Sasa, mama alikuwa na miguu. Akisimama kitambo, ilivimba ikawa kama ya mtu mwingine. Tulijua, lakini ni jambo tuliloliona dogo, kwa kuwa kupika kwake hakukumtaka asimame. Ijumaa ya kwanza alisimama mbele ya lile jiko akapika, kisha akashuka ngazi ameshika ukuta, hatua kwa hatua. Ijumaa ya pili nikamwambia, "Mama, pumzika, nitapika mimi." Nisikufiche, mwanangu, nilifurahi. Jiko jipya, moshi hakuna, na mwenye mwiko ni mimi! Majiko ya makaa tukampa jirani. Mama akakaa chumbani na tasbihi yake, na watu wakamsifu: ana bahati Bi huyu, watoto wake wamempumzisha.

Wali wangu haukuwa mbaya. Lakini ukoko haukuwapo, na mama hakuwapo. Ndugu zangu wakaanza nyudhuru, huyu ana safari ya Pate, huyu ana wageni. Ikafika Ijumaa moja, sinia ikarudi nusu. Na mama akawa haulizi lolote. Haulizi nani kaja, haulizi samaki gani kapatikana. Ukimwambia, "Mama, hujambo?" atakujibu, "Alhamdulillahi," basi, hapo pamekwisha. Tukasema ni uzee. Vijana wakishindwa kufahamu jambo la mzee, husema ni uzee.

Siku moja adhuhuri natoka sokoni, nikasikia kishindo juu. Nilipanda ngazi mbiombio, kikapu nikakitupa njiani. Nikamkuta mama ameketi kwenye kigoda chake mbele ya lile jiko refu, sufuria imepinduka, tui la nazi limemwagika begani kwake na sakafuni kote. Alitaka kupika ameketi. Alikuwa amenyoosha mkono juu, akikoroga asichokiona. Mungu ni mwema, tui lilikuwa bado halijapata moto.

Hofu ikanigeuka hasira. Nikamkemea: "Mama, si nimekwambia usiliguse jiko hili? Wataka kujiunguza utupe kazi?"

Mama alivua leso yake ya kichwani, akaanza kufuta sakafu. Taratibu, bila kuinua uso, kama kijakazi aliyevunja chombo cha watu. Nikikueleza haya nywele zanisimama hata leo.

Kumbe Bi Nuru alisikia. Huyu alikuwa jirani yetu, nyumba yake na yetu zimeungana kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro, kwa hiyo wanawake wa nyumba mbili walitembeleana bila kushuka njiani. Bibi wa mwili mkubwa na ulimi usiojua kona. Akaingia akihema.

"Wamwambia nani hivyo, we mwana? Huyu umemzaa wewe?"

"Bi Nuru, naogopa ataungua."

"Hukuogopa alipokaa bure miezi yote hii? Mmemletea jiko, mkamtoa jikoni! Kuna mmoja wenu aliyemuuliza?"

"Tulimuuliza," nikamwambia. "Kabla kaka hajanunua, alisema lolote tu."

Bi Nuru alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. "Mtu mzima akisema lolote tu, bado hajakujibu. Amekuonea haya, hataki kuwa mzigo. Na nyinyi mkashukuru, mkaenda zenu! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Njoo hapa. Keti."

Akanishika bega akanikalisha kwenye kigoda cha mama, nguo zangu juu ya tui lile lile. "Haya, koroga."

Nikanyoosha mkono. Mdomo wa sufuria ulikuwa juu ya utosi wangu. Sikuona ndani. Nilichokiona mbele yangu ni kioo cha oveni, na humo kiooni niliuona uso wangu, kama wa mtoto mdogo anayengoja apewe chakula. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akijiona mbele ya jiko tulilosema ni lake! Nililia, mwanangu. Nililia mpaka mama mwenyewe akasema, "Basi Nuru, mwache. Ni mtoto." Hata hapo alikuwa bado ananitetea.

Nikampelekea kaka habari Mombasa. Akaja, na alikuja amekasirika. "Jiko la thamani yote ile, na bado mna la kusema?" Sikubishana naye. Nilikiweka kigoda mbele ya jiko nikamwambia aketi. Babako unamjua alivyokuwa mrefu, magoti yakamfika kidevuni, na hata hivyo alilazimika kuinua shingo. Akashika kishikio cha oveni, akakiachia.

"Nimemnunulia mama jiko la mtu mwingine," akasema. Kisha akamgeukia mama aliyekuwa mlangoni. "Mama, nisamehe. Nionyeshe unavyopika."

Tukaazima jiko la makaa kwa jirani, moja katika yale tuliyompa. Mama akapika, na kaka akakaa chini akimtazama mikono, wapi inafika, wapi haifiki. Halafu akakipima kigoda. Fundi akajenga kibaraza cha mawe na chokaa, kimo cha goti, juu yake likawekwa jiko dogo la sufuria mbili. Nyuma yake wakainua kijiukuta cha kuzuia upepo, maana kule juu kusi ikivuma huzima moto, na gesi ikabaki inatoka mtu hana habari. Mtungi ukawekwa kando, upande ulio wazi, kwa kuwa gesi ikivuja huzama chini kama maji, haipandi kama moshi. Lile kubwa halikuuzwa. Lilibaki ukutani, nikawa naokea mikate mimi, mpaka nikajulikana mtaani kwa mkate wa sinia.

Ijumaa iliyofuata mama aliketi mahali pake. Akawasha moto, akaangaza huku na huku, na neno lake la kwanza lilikuwa ukali: "Nani ameweka chumvi kule? Mwataka niirukie?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Sauti ile tulikuwa tumeikosa miezi mingapi! Kaka naye alicheka, akaegemea ukuta, kisha nikamwona anafuta macho, na moshi haukuwapo. Ndugu wote walikuja siku hiyo, hata yule mwenye safari zisizokwisha. Mama alipikia hapo mpaka Mungu alipomchukua.

Sasa turudi kwako. Wewe umelelewa na kisa cha jiko la bibi, ndiyo sababu jana ulikipima kigoda. Wataka kunijengea kibaraza kama kile. Pendo lako nimeliona, na nusura ninyamaze nilipokee, nikupe ahsante kama mama alivyompa babako. Lakini mwanangu, mimi si mama! Mama aliweza kuketi, hakuweza kusimama. Mimi kusimama nasimama tangu alfajiri, sina neno. Kuketi chini ndiko kunakonishinda, au niseme kuinuka, maana nikishaketi siinuki mpaka nivutwe mkono kama boti iliyokwama mchangani. Kile kigoda ulichokipima nimekiweka kwa kumkumbuka mama tu, na juu yake naweka kopo la unga. Hukuliona kopo? Ulilitoa ukaliweka chini, ndipo ukapima!

Usione haya, kosa si lako peke yako. Mimi nilimsikia Bi Nuru kwa masikio yangu, nikaishi miaka yote hii, kisha uliponiuliza nikakujibu lile lile: lolote tu. Basi leo nalirudisha neno langu. Nataka jiko la kusimama, linifike kiunoni. Vifungulio vya gesi viwe mbele, visiwe nyuma ya moto, nisipitishe mkono wa kanzu juu ya ndimi zake. Vyuma vya juu viwe imara, viibebe sufuria yangu ya pilau bila kuyumba. Oveni naitaka, iwe na moto chini na juu, kwa sababu mkate wa sinia ni kama wali wa kupalia, bila moto wa juu haupati uso. Mpira wa gesi uwe mpya, na kabla ya kunifundisha kuwasha, nifundishe kuzima. Na ngazi uipime kabla hujalipa. Mlango utaubomoa, ngazi ya mawe utaifanya nini?

Na hili ulishike, hata nikishaondoka duniani. Unapompa mtu kitu, usimpe kilichokufaa wewe, wala kilichomfaa mwingine aliyefanana naye. Keti pale anapoketi, simama pale anaposimama, mtazame mikono. Siri ya mtungi muulize kata. Mzee akikwambia lolote tu, usishukuru ukaenda zako. Muulize tena, na mara ya tatu muulize ukiwa umekaa chini, ajue huna haraka. Kumpumzisha mtu kazi aipendayo bila ya kumuuliza ni kumtoa nyumbani mwake naye yumo ndani. Nasi wazee tuna letu la kujifunza: mtoto akituuliza kwa moyo safi, tumjibu.

Mwenyezi Mungu akufungulie riziki yako, akupe nyumba isiyokosa harufu ya chakula, na sinia ambayo ndugu zako hawataitafutia udhuru. Akupe mke wa kusema naye kweli, na watoto watakaokuuliza siku zako zikifika, nawe uwe na ujasiri wa kuwajibu. Amin.

Haya, mahamri yamekwisha. Chukua utepe wako, na kile kigoda kiache na kopo lake. Njoo unipime mimi.