Nyar Kasipul Hakusindikizwa

Harufu ya chuma kinachochomelewa na mafuta ya gia ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi ya likizo ile ya miaka ya tisini, mjini Migori. Gereji ya Baba ilikuwa uani kwetu, na msimu huo aliacha kutengeneza matrekta ya watu akaunda gari la mashindano ya jangwani, la kukimbia kwenye mchanga wa Chalbi huko kaskazini, ambako hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kukanyaga. Aliyemwagiza ni Bwana Odera, tajiri wa Nairobi mwenye boma la fahari Homa Bay. Baba alitaka jambo moja kuliko malipo: kiti cha pili. Akae kando ya dereva, alitengeneze gari likiharibika, alione jangwa kwa macho yake. Odera alimpa mkono. "Hiyo imeisha, fundi. Mimi na wewe." Nilikuwepo, nikasikia.

Chesisi ilitoka Oyugis, ya Landrova iliyokufa zamani, kuku wakitagia ndani. Kwetu mke huitwa kwa jina la kwao, na kwa kuwa Oyugis iko Kasipul, Mama alilipokea lile gari bovu getini akicheka, "Karibu, Nyar Kasipul!" Karibu, binti wa Kasipul. Jina likaganda. Baba akaliandika ubavuni kwa rangi nyekundu, herufi zikilala upande mmoja kama mwandiko wake wote. Alikunja mabomba ya maji akayachomelea yawe kizimba cha kuwakinga watu gari likipinduka, akainua springi, akafunga shokomzoba mbili kila gurudumu. Jioni moja tulilipeleka mto Migori, akapunguza upepo wa matairi, nalo likapanda ukingo wa mchanga huku wachimba mchanga wakitupa sepetu chini na kushangilia. Nilimwona Baba akicheka peke yake nyuma ya usukani.

Siku ya kulipeleka Homa Bay tulivaa kama watu wa harusi. Aliyeingia kwetu kama bibi arusi sasa alikuwa binti yetu, na kwetu binti haendi kwa mume peke yake, watu wake humsindikiza. Mzaha wa Mama ulikuwa umetukolea hadi tukasahau kuwa ni mzaha. Alipika kuku na chapati, akavaa gauni la kanisani. Baba alivaa koti na kufunga mkoba wa safari. Mama alikaa kiti cha pili, mimi nikajibana nyuma nikishikilia mabomba ya kizimba. Tulipofika tukashuka sote, Baba akaenda kumsalimu mwenyeji, na kijana mmoja mwenye miwani ya jua akaingia kwenye kiti cha pili bila hata kutuamkia.

"Fundi, huyu mpwa wangu ndio ataenda na mimi," Odera akasema. "Viti ni mbili tu, unajua."

"Lakini tulisemezana, Bwana Odera. Huyu ni msichana yetu. Hawezi enda bila mtu ya kwao."

Odera alicheka hadi akajipangusa machozi. "Usijali. Nitakutumia picha."

Mkoba wa Baba ukashushwa, ukatupwa vumbini. Chapati za Mama hazikukataliwa, bila shaka. Sisi tulipewa soda tukiwa wima, kisha tukarudi Migori juu ya lori la magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani, Mama na gauni lake la kanisani. Asante ya punda ni mateke.

Picha ilikuja kweli, ila gazetini. Gari lilikuwa limemaliza mashindano, na Odera amesimama juu ya boneti. Maelezo yalisema limeundwa Nairobi. Ubavu wote ulikuwa umepakwa rangi mpya na jina halikuwepo. Baba alilikunja gazeti akarudi kazini. Mimi nilitaka aende Homa Bay na nyundo. "Mwenye nguvu mpishe," Mama akanituliza. Niliichukia methali hiyo na bado naichukia, kwa maana anayepisha kila siku huishia mtaroni.

Siku hizi vijana wa Migori wakiunda gari huandika majina yao mlangoni na kulipiga picha kwa simu kabla rangi haijakauka, halafu dunia nzima inajua ni la nani. Ninawafurahia na kuwaonea wivu. Mwaka jana mtoto wa Odera alinipigia simu. Baba yake amefariki, gari linaoza nyuma ya boma, je, Mzee anaweza kuja kulifufua? Nilimjibu maneno yasiyoandikika hapa. Kisha nikamsimulia Baba, nikitaka tukasirike pamoja. Akainuka taratibu kwa magoti yake mabovu, akaanza kutia spana kwenye mkoba, mkoba ule ule, na kopo la rangi nyekundu juu yake.

"Baba, watu wale walikutupa vumbini!"

"Aliyekosa ni Odera," akasema, akinipa mkoba nimbebee. "Nyar Kasipul alikosa nini?"